Mgongo wa Mama Mkwe

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi ya Bianca, Merryn Pascoe alifika kwa akina Zanchetta akiwa na hema lake begani na ndoo ya chupa za rangi mkononi, akapitia nyuma. Hakuna aliyemwambia apitie nyuma. Ila huu ulikuwa mwaka wa pili tangu awe mpenzi wa Renzo, na muda wote huo mlango wa mbele wa nyumba ile haukuwahi kumfungukia kwa furaha. Mtu akishanuniwa mlangoni mara kumi, ya kumi na moja hujitafutia njia yake.

Mwenye mlango alikuwa Bi Loretta, mama yake Renzo, mjane wa mkulima wa miwa, mwenye ulimi unaojulikana mji mzima wa Ingham, mji wa miwa na wahamiaji wa Kiitaliano. Machoni pake Merryn alikuwa na kasoro nyingi. Hakuwa Mtaliano. Hakuwa na shamba, wala mjomba mwenye shamba. Na kazi yake, jamani, ilikuwa kuwapulizia wasichana rangi ya kahawia mwilini ili waonekane wameota jua wakati hawakuota.

"Kuna watu wanalima, kuna watu wanafundisha," Bi Loretta alipenda kusema mbele ya wageni, "na kuna watu wanapaka wenzao rangi kama ukuta."

Lakini harusi ni harusi. Bianca, dada yake Renzo, alitaka rangi, wapambe wake wanne walitaka rangi, na Bi Loretta mwenyewe, baada ya kulijaribu gauni lake lililo wazi mgongoni, aligundua kwamba naye anaitaka. Renzo alipoleta habari hizo kwa Merryn, alikuwa anacheka hadi machozi.

"Mez, hii ndiyo nafasi yetu," alimwambia, amemshika mikono yote miwili. "Mpake Mama vizuri, aone ulivyo na adabu ya kazi. Jumapili tukikaa mezani na ukoo mzima, nasimama nasema tunaoana. Lakini pete ya bibi yangu, Nonna, iko kabatini kwake. Bila yeye kuitoa, nitasimama mikono mitupu."

"Na asipoitoa?"

"Ataitoa. Wewe mpake tu."

Merryn aliyatazama macho yale meusi yaliyokuwa yanambembeleza, na akajua angempaka rangi hata mamba kama Renzo angemwomba.

Basi hema, lile dogo la kumsimamisha mteja rangi isitapakae, likasimamishwa chini ya nyumba, kati ya nguzo ndefu zilizoibeba, karibu na mashine ya kufulia na soseji za Bi Loretta zilizoning'inia kukauka. Kufikia saa nne asubuhi wapambe walikuwa wamekwishapulizwa na kuondoka. Bibi harusi alikuwa amesimama nje ya hema, mikono ameitanua, anangoja akauke.

"Uzuri wake," Bianca alisema, akijitazama tumboni kwa mahaba, "huko Bali kwenye fungate sibebi hata mafuta ya kukinga jua. Hii si inakinga?"

"Inakinga jua kama chai inavyokinga mvua."

"Wee! Wenzangu wote wanasema ukishakuwa na rangi huungui."

"Wenzako wote wanaungua, halafu wanakuja kwangu niwafunike wekundu. Bianca, hii ni rangi tu. Jua linapita humo kama halijaona kitu. Beba mafuta yako."

"Sawa, daktari," Bianca alisema, akambetulia mdomo na kupanda ngazi kwa hatua za bata, mapaja yasigusane.

Bi Loretta alishuka akiwa amejifunga gauni la kuogea. Hakusalimia. Alilikagua hema juu hadi chini kana kwamba anataka kulinunua na hajalipenda.

"Nikitoka humu kama karoti, utajua."

"Hutatoka kama karoti, Bi Loretta. Karibu. Nipe mgongo, nyanyua nywele."

"Mimi kwa kweli sihitaji mambo haya. Sisi Waitaliano na jua ni ndugu. Wanaoungua ni nyie wenye madoadoa usoni." Alivua gauni, akageuka. "Ila tazama mwenyewe. Mikono ya shamba, mgongo wa mtawa. Ujanani nilikuwa nalala ufukweni Forrest Beach kutwa nzima, nimejipaka mafuta ya watoto, narudi nyumbani nang'aa. Siku hizi nani ana nafasi?"

Merryn alikuwa ameshainua pampu yake ya rangi. Akaishusha.

Chini ya bega la kushoto, pale ambapo kamba ya sidiria hupita, palikuwa na doa. Upana wake ulizidi punje ya kahawa. Upande mmoja lilikuwa jeusi tititi, upande wa pili lilikuwa limechanganyika na bluu, na kingo zake zilikuwa zimechimbikachimbika.

Kwa miaka sita alikuwa ameona migongo mingi ya mji huu kuliko mapadri na madaktari kwa pamoja. Doa la namna hii alikuwa ameliona mara moja tu.

"Bi Loretta, hili doa la mgongoni limekuwepo tangu lini?"

"Doa gani? Aa, hilo. Nimezaliwa nalo."

"Lilikuwa hivi hivi?"

"Mimi nina macho mgongoni?" Sauti ilikuwa imeanza kupanda. "Hata fundi wa nguo aliniuliza hivyo hivyo, eti tuinue gauni lilifunike. Nikampa jibu lake. Wewe hapo puliza mara mbili, tatu, lipotee."

"Siwezi kulifunika. Hili ni la kuonyeshwa daktari. Leo hii, ikiwezekana."

Bi Loretta aligeuka polepole, gauni amelishika kifuani.

"Leo? Nina wageni mia mbili kesho, keki haijafika, wewe unanipeleka kwa daktari?"

"Ni dakika kumi tu. Nitakupeleka mimi mwenyewe."

"Utanipeleka wewe? Ukitoka hapo ukatangaze mji mzima kwamba Loretta Zanchetta anaoza mgongo? Nimekujua, msichana. Miaka miwili unatafuta pa kunishikia."

"Bi Loretta, naogopa ni saratani ya ngozi."

Neno likatoka. Juu, miguu ya watu ilikuwa inakimbizana na vyombo. Merryn alidhani atapigwa kofi, na alijiandaa kulipokea. Badala yake Bi Loretta alimsogelea, akaongea chini chini, kwa sauti ambayo Merryn hakuwahi kuisikia kwake, karibu iwe laini.

"Nisikilize. Najua mwanangu ana maneno ya kusema Jumapili. Mimi si mjinga. Pete ya marehemu mama mkwe wangu iko kabatini, imefungwa kwenye leso. Puliza rangi. Funga mdomo. Jumapili nitaitoa kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya watu, na utaniita Mama."

"Na daktari?"

"Baada ya mavuno."

Mavuno ya miwa yalikuwa yanaendelea, yamebakiza miezi mitatu.

Merryn alisimama na pampu mkononi, na nisiseme uongo, alitamani kukubali. Aliitamani ile pete. Alitamani kukaa kwenye meza ile ndefu, apitishiwe mkate bila kuomba, amsikie mama huyu akimwita binti. Machozi yalimlengalenga kwa tamaa. Alichotakiwa kufanya ni kile alichofanya kila siku: kuona na kunyamaza. Ndiyo adabu ya kazi yake. Mteja anakuvulia nguo kwa kuamini kwamba macho yako hayana mdomo.

"Geuka," alisema.

Bi Loretta akageuka, ameridhika.

Katika ndoo ya Merryn kulikuwa na kikopo cha mafuta mazito meupe. Wapuliza rangi wote wanayo. Hupakwa viganjani na kwenye nyayo ili rangi isishike huko. Alichota kwa kidole, akalizungushia lile doa mduara mpana kama sahani ya kikombe cha kahawa.

"Nini hicho cha baridi?"

"Mafuta. Tunapaka kabla ya kupuliza."

Hakusema uongo, na hakusema kweli. Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kisha akapuliza: shingo, mabega, kiuno, mikono. Alifanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alipomaliza, Bi Loretta alikuwa na rangi ya mwanamke aliyepumzika mwezi mzima pwani, na chini ya bega la kushoto palibaki duara jeupe pepe, na katikati ya duara, lile doa, jeusi kuliko mwanzo.

Bianca ndiye aliyeliona. Alikuwa ameshuka kuuliza habari za keki.

"Mama! Mgongoni umefanywa nini?"

"Kwani kuna nini?"

"Ngoja." Akampiga picha kwa simu, akamwonyesha.

Ukelele alioutoa Bi Loretta ulisikika hadi ghalani. Renzo, aliyekuwa anapakua viti vya harusi, alikuja mbio na kumkuta mama yake analia kwa hasira, dada yake ameshika mdomo, na mpenzi wake amesimama katikati yao, ametulia kama mtu aliyekwishahukumiwa.

"Amenichora!" Bi Loretta alipiga kelele. "Amenichora kama shabaha! Nimemvulia nguo, nimempa mgongo wangu, naye amenifanyia hivi!"

"Mez?" Renzo alisema. "Ni bahati mbaya, si ndiyo? Rekebisha basi. Puliza tena."

"Si bahati mbaya. Nimekusudia."

"Umekusudia?"

"Angalia mgongo wa mama yako, Renzo. Angalia vizuri. Mimi nimekataa kulifunika lile doa. Kila mtu atakayesimama nyuma yake kesho ataliona, na kila mtu atauliza, mpaka aende kwa daktari."

Renzo alilitazama doa sekunde moja tu, halafu akaangalia pembeni, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

"Angeenda Jumatatu. Ningempeleka mimi."

"Amesema baada ya mavuno. Na kwanza amenihonga pete ya Nonna ninyamaze."

"Muongo huyo!" Bi Loretta alisema, lakini hakumtazama mwanawe.

"Watu wetu hawana magonjwa hayo, Mez," Renzo alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ngumu. "Babu yetu, Nonno, alikata miwa miaka arobaini, kichwa wazi. Hakuungua hata siku moja."

"Sikio lake la kulia lilikwenda wapi?"

Kwenye picha zote za ukutani Nonno amepigwa kwa upande wa kushoto, na kila mtu chini ya nyumba ile alijua kwa nini.

"Kilikuwa kidonda tu," Bi Loretta alisema.

"Kidonda gani kinakula sikio, Mama?" Bianca aliuliza taratibu. Mama yake akamwamuru apande juu, naye hakupanda.

Renzo alimshika Merryn mkono, akamvuta hadi nje, palipokuwa na magari. Jua lilikuwa kali. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, vidole vyake vilimuumiza.

"Siku moja!" alisema. "Nilikuomba siku moja tu. Ungeniita pembeni, ungeniambia mimi. Kwa nini umemdanganya mama yangu akiwa uchi mbele yako?"

"Kwa sababu ningekuambia wewe, ungesema Jumatatu. Na Jumatatu ungesema wageni hawajaondoka." Merryn alivuta pumzi. "Renzo, sijawahi kumwambia mtu haya. Unamkumbuka Jodie Tranter?"

"Yule wa netiboli? Aliyefariki?"

"Alikuwa mteja wangu. Alikuwa nalo kama hili, nyuma ya paja. Kila alipokuja alikuwa ananiambia, 'Mez, nizidishie hapo, linaniharibia picha.' Nikazidisha. Mara nne, Renzo. Nililiona linakua, na mara nne nikalifunika, kwa sababu niliona haya kumwambia. Alikuwa na miaka ishirini na sita."

Alikuwa amebeba maneno hayo mwaka mzima na nusu. Alidhani akiyatoa kwa mtu anayempenda, mtu huyo angemkumbatia. Ndivyo anavyowaza kila mwenye mapenzi.

Renzo aliuachia mkono wake.

"Kwa hiyo umemuua mmoja," alisema, "halafu umekuja kujitakasa kwenye mgongo wa mama yangu."

Merryn alimtazama. Alingoja ayarudishe, hata nusu yake. Hakuyarudisha. Alisimama pale, taya limemkaza, mzuri kama siku zote, na katili kuliko alivyowahi kumwona binadamu yeyote.

"Nenda," Renzo alisema. "Na kesho usije."

"Naenda. Lakini mpeleke, Renzo. Nichukie unavyotaka, ila mpeleke."

"Nimesema nenda!"

Alikunja hema lake peke yake, mbele ya macho ya Bi Loretta. Bianca alitaka kumsaidia kubeba ndoo, mama yake akamkemea. Merryn alifika kwenye gari, akaendesha hadi kwenye njia panda, treni ya miwa ikamzuia pale, behewa baada ya behewa, naye akalala juu ya usukani akalia mpaka dereva wa nyuma alipompigia honi.

Jumamosi hakutoka ndani. Aliona kupitia dirishani magari yenye riboni nyeupe yakielekea kanisani, akashusha pazia. Alijitukana. Alimtukana Renzo. Aliandika ujumbe mara saba na kuufuta mara saba. Jumatatu wateja watatu walivunja miadi, kwani habari ilikwishaenea kwamba Merryn Pascoe anachora watu. Mwanamke mmoja alimnunia dukani na kumwambia wazi: "Mimi siwezi kumvulia nguo mtu kama wewe." Merryn akalipa, akatoka. Angemjibu nini, na hata yeye usiku alijiuliza kama alimwokoa mtu au alilipiza kisasi kwa miaka miwili ya kununiwa? Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua; lakini hawasemi anayemuumbua mgonjwa kabla ya kifo atapewa malipo gani.

Siku ya kumi na mbili, alasiri, alikuwa anasuuza chupa zake uani aliposikia gari. Hakuhitaji kugeuka. Mlio wa gari lile aliujua kama anavyojua jina lake.

Renzo alisimama chini ya ngazi, kofia mkononi, vumbi la shambani hadi kwenye kope. Alikuwa amekonda. Hakutabasamu.

"Sijaja kuomba msamaha," alisema.

"Sijakuomba uniombe."

"Mama alijitanda shali kwenye harusi. Joto lile, shali! Kwenye dansi ikamponyoka. Ukoo mzima ukaona. Jumatatu zilipigwa simu kumi na moja. Shangazi wa Mareeba alipiga tatu peke yake. Mama akaenda kwa daktari ili simu zinyamaze tu."

Merryn aliiweka chupa chini.

"Wakalikata. Majibu yametoka leo." Renzo aliizungusha kofia mkononi. "Ni saratani. Bado ya juu juu, haijazama. Watakata tena pembeni, basi. Daktari aliuliza nani aliliona. Nikasema mchumba wangu. Sijui kwa nini nilisema hivyo."

"Bi Loretta anasemaje?"

"Anasema hataki kukuona machoni pake maisha yake yote."

"Na wewe?"

"Mimi nimekukasirikia, Mez. Nimekasirika hata silali. Ungeweza kuniamini. Ungenipa mimi nafasi ya kuwa mwanamume kabla ya kumfedhehesha mama yangu."

"Na lile ulilonitamkia kuhusu Jodie?"

Renzo aliinamisha kichwa.

"Lile nimelisikia kichwani mwangu kila siku," alisema. "Lile sina pa kulificha."

Halafu akafanya jambo ambalo Merryn hakulitegemea. Alifungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, akalivua, akalitupa kwenye ngazi, akampa mgongo. Mgongo mpana, wa kahawia, wa mtu aliyekulia juu ya mashine za kuvunia miwa bila shati.

"Angalia," alisema.

Merryn alishuka ngazi. Alikwishaugusa mgongo ule mara nyingi, lakini gizani, kwa mapenzi, macho amefumba. Sasa aliuangalia mchana kweupe. Aliweka kidole begani, akashuka taratibu, doa moja baada ya jingine, na kila alipopita alisema kwa sauti, "Hili sawa. Hili sawa. Hili nalo sawa." Ngozi ilikuwa ya moto chini ya kidole chake. Alikuwa na hamu na harufu yake, jasho na maji ya miwa, na alilazimika kuuma mdomo ili asiegemeze paji lake pale na kusahau alichokuwa anakifanya.

Chini ya ubavu wa kulia, kidole kikasimama.

"Hapa," alisema papo hapo. "Kuna moja sijalipenda. Vaa shati. Twende kwa daktari sasa hivi, kabla hawajafunga."

Renzo alivaa shati, akakosea vifungo, akaanza upya, akakosea tena. Merryn alimwondoa mikono, akamfunga yeye, kuanzia chini hadi kooni, kisha akachukua funguo za gari mfukoni mwake.

"Bado nimekukasirikia," Renzo alisema.

"Kasirika ndani ya gari."